Kofia ya Haroub wa Mwanamkasi

Siku aliyokuja kwanza ilikuwa Jumanne, na Jumanne ile haikuwa zamu ya Salhiya.

Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye akili zake. Lakini akili ya Salhiya wakati ule ilikuwa imehamia Chwaka, kwa mke mwenziwe: leo Yusra kampikia nini, kamvalia nini, kamchekea vipi. Mimi simlaumu, maana sijamuona bado mwanamke aliyegawana mume akabaki mzima wa moyo, na anayesema yeye yumo, muongo. Nasimulia tu lilivyokuwa.

Saa kumi na nusu alasiri, yuko sebuleni kwake Kikwajuni, ghorofa ya pili, kofia na sindano mkononi, akasikia mlango unagongwa kwa pete. Mara tatu, kimya kidogo, mara moja.

Moyo ukamruka. Ugongaji ule ulikuwa wa wao wawili, yeye na mumewe Haroub, tangu walipokuwa wachanga wa ndoa wamepanga chumba kimoja Malindi kwenye nyumba ya watu wengi. Tatu na moja maana yake: ni mimi, niko peke yangu, fungua ulivyo. Mbili na mbili maana yake: nina mgeni, jifunike. Miaka kumi na moja hawajamwambia mtu, hata mama yake Haroub hajui.

Akafungua. Haroub kasimama na kanzu yake nyeupe, kofia kichwani.

"Leo si kwa Yusra?" Salhiya akanong'ona, utasema huyo Yusra kajibanza ngazini. "Chwaka umemuachia nani?"

"Umeniita," akasema.

"Mie? Sijakupigia, wallahi."

"Umeniita," akasema tena, akapita ndani, akakaa kwenye kiti cha dirishani.

Salhiya akamtilia chai ya mkandaa isiyo maziwa, akamkatia na mkate wa ufuta. Hakugusa. Alikaa tu, anamtazama anavyoshona, na kabla ya adhana ya magharibi akanyanyuka akaenda zake. Baadaye Salhiya akaona nyayo za maji sakafuni, toka mlangoni mpaka kitini. Ilikuwa kaskazi, wiki tatu mvua haijagusa ardhi, na pale mlangoni hapakuwa na dalili ya viatu vilivyovuliwa. Unadhani alijiuliza? Alichukua tambara akafuta huku anaimba. Kakimbia peku, alisema moyoni, kwa haraka ya kunijia mimi.

Na siku ya pili Haroub alipokuja kwa zamu ya kweli, hakumwambia neno. Mume akimuibia mke mwenzio saa moja akakuletea wewe, humuulizi. Ukimuuliza ataona haya, na akiona haya haji tena.

Sasa turudi nyuma kidogo, nikwambieni aliitwa vipi.

Haroub alikuwa fundi wa mafriji, mtu mpole, mcheshi, mikono yake daima inanuka gesi. Waliishi miaka tisa bila mtoto, na mwaka wa kumi akaoa mke wa pili Chwaka, akawa analala siku mbili huku, siku mbili kule. Yusra alikuwa na miaka ishirini na nne, mfumaji wa mikeka, mwenye vidole ambavyo wazee wa huko walivisifu. Watu walimwambia Salhiya avumilie, kwani mwenzie atazaa na mtoto atakuwa wa wote. Salhiya akavumilia kwa mdomo. Miaka miwili ikapita Yusra naye hajashika mimba, na kila mwezi habari ile ilipofika Kikwajuni, Salhiya alikuwa akila vizuri siku hiyo. Ndiyo, alifurahi. Mtu wivu umemkaa kooni, atafurahia nini kingine?

Hata hivyo siku za zamu ya Yusra zilikuwa zikimuua. Ndipo akaenda Jang'ombe kwa Maalim Simai, mtu wa hesabu za majina.

Maalim Simai hakuwa tapeli. Alikuwa mwalimu mstaafu wa chuo cha Kurani, amevaa miwani iliyofungwa uzi, na kila kitu alikieleza kama yuko darasani. "Kila herufi ina hesabu yake," alimwambia. "Alif moja, be mbili, jim tatu, dali nne, mpaka mwisho. Jina la mtu nikilivunja linakuwa nambari, na nambari nikizipanga zinakuwa barua. Anayejua kusoma atasoma. Na kwenye barua hii mtu hutajwa kwa mama yake, si kwa baba."

"Simtakii baya, Maalim. Nataka avutike kwangu tu. Hata akiwa kule, awe kwangu."

"Mimi nakuandikia anwani, Bi Salhiya. Atakayeipokea akaifungua, mimi simo." Akachovya kalamu. "Haroub wa nani?"

"Wa Mwanamkasi," akajibu Salhiya bila kufikiri, kwani ndivyo ilivyoandikwa hata kwenye cheti cha kuzaliwa cha mumewe.

Akapewa karatasi yenye mistari saba ya nambari. Aziandike, aliambiwa, kwa mkono wake, mahali ambapo mtu huyo atazibeba. Mwengine angeshona hirizi. Salhiya alikuwa mshonaji wa kofia, hodari kuliko wote Kikwajuni, basi akaona njia yake. Kofia za mkono zina vitundu vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi. Akavipanga: saba, nafasi, viwili, nafasi, vitano, nafasi, kimoja, na kuendelea hivyo mistari saba kuzunguka kichwa. Nani angejua? Watu waliona maua. Haroub aliipenda kofia ile mpaka akawa haivui, akiivaa Kikwajuni na akiivaa Chwaka, na kila alipokwenda nayo kwa Yusra, Salhiya alicheka peke yake jikoni.

Basi yule wa alasiri akawa anakuja kila zamu ya Yusra. Tatu, kimya, moja. Anakaa dirishani. Maneno yake machache. Mara ya tatu alimshika Salhiya mkono, na mkono wake ulikuwa baridi wa kutia ganzi, akasema, "Shona. Napenda ukishona." Salhiya akajiona bibi arusi.

Kulikuwa na harufu. Mwanzo alidhani ni bomba la chooni, akamwaga dawa. Haikuondoka. Ilikuwa harufu ya kisima cha zamani, ya kuvu na kamba iliyolowa, na baada ya yule kuondoka ilibaki kwenye mito ya makochi. Salhiya akafukiza udi. Udi ukisha, harufu iko pale pale.

Na Haroub wa zamu ya kweli naye akawa si yule. Alipungua. Akawa anatetemeka katikati ya joto la kaskazi, anajifunika blanketi, na akikohoa kikohozi chake kilikuwa cha maji, kinagugumia kifuani utasema kuna mtu anateka. Salhiya akajua mkosaji ni nani. "Huyo Yusra wako hakulishi," alimwambia. "Anakulaza kwenye upepo wa bahari bila shuka, mwanamke asiye na huruma."

"Hebu muache mtoto wa watu," Haroub akasema, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Ikaja Jumamosi moja, zamu ya Yusra. Yule amekaa dirishani, jua la alasiri limempiga kichwani, na Salhiya kwa mara ya kwanza akaitazama kofia yake kwa jicho la mshonaji. Mafundo yako nje. Ncha za uzi, zile anazozificha kwa ndani, zote ziko nje.

Akacheka. "Umegeuza kofia, bwana. Ndani nje."

"Ndivyo inavyosomeka," akasema yule.

Na hapo simu yake Salhiya ikalia juu ya meza, akaitazama, ikaandika Haroub.

Akaishika bila kujua anafanya nini, akaiweka sikioni.

"Salhiya," sauti ya mumewe, imechoka, na nyuma yake upepo na kuku. "Nshafika Chwaka, lakini kifua kinanibana vibaya. Yusra anauliza ile dawa yako ya kikohozi unaichemsha vipi."

Salhiya alikuwa anamtazama aliye kitini, na aliye kitini alikuwa amenyanyua kichwa polepole anamtazama yeye, uso ni wa Haroub, ndevu ni za Haroub, kovu la kidevuni alilolipata kwa bati la friji lipo mahali pake, na kwa sauti ile ile iliyokuwa bado inasema sikioni mwake "Salhiya, unanisikia?" akauliza, "Nani huyo?"

"Jirani," Salhiya akasema. "Wanu."

"Muongo."

Salhiya akakata simu.

"Sipendi akikupigia," yule akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa na hasira, hasira ndogo ya mtoto aliyenyang'anywa kitu. "Mimi ndiye niliyeitwa. Yule hana barua. Yule anatumia jina langu tu, na wewe unampikia, unampangusa jasho, unamtandikia. Mpaka lini?"

Salhiya akabaki pale na kofia ya mteja mapajani na sindano imemchoma kidole damu inatoka, anasikia maji yanadondoka tone kwa tone toka kwenye pindo la kanzu ile nyeupe hadi sakafuni, anasoma Kul-audhu moyoni anaisahau katikati anaanza tena anaisahau tena, mpaka muadhini wa msikiti wa nyuma alipovuta pumzi kwenye kipaza sauti, na yule akanyanyuka kwa adabu kama siku zote, akaenda zake.

Asubuhi na mapema Salhiya alikuwa Jang'ombe.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba. Mbona hivyo? Kaa, kaa kwanza."

Akamueleza yote, nyayo, harufu, simu. Maalim Simai alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Bi Salhiya. Haroub mama yake ni nani?"

"Nlikwambia. Mwanamkasi."

"Aliyemlea au aliyemzaa?"

Kusema kweli Salhiya hakuwahi kuuliza. Nani anauliza jambo hilo, naye tangu aolewe anamsikia mumewe akimwita yule bibi mama?

Bi Mwanamkasi alikuwa akikaa mitaa miwili tu kutoka pale. Walimkuta kwenye mkeka anachagua mchele kwa vidole, macho yake yamekwisha fifia. Maalim akamuuliza kwa upole. Bibi akasukuma ungo pembeni.

"Mambo hayo nlishayazika," akasema. "Mnayafukua ya nini?"

"Mwanao anaumwa, mama," Salhiya akasema, na kilio kikamshika.

Ndipo bibi akasema. Alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, Haroub, hajaacha ziwa. Nyumba waliyokaa ilikuwa na kisima uani, na siku moja kifuniko kiliachwa wazi. Wiki hiyo hiyo mdogo wake, Mwanakheir, alifariki kwa uzazi akaacha kichanga cha kiume. "Maziwa yangu yalikuwa yanatoka, mwanangu. Yanatoka na mwenyewe hayupo. Nkamchukua yule, nkamnyonyesha, nkampa jina lile lile. Nlitaka nkiita Haroub, kuna mtu aitike. Basi."

Wakarudi kwa Maalim, naye akaeleza.

"Mtoto yule yuko kwa Mola wake, hana habari na sisi," akasema. "Aliyekuja kwako si yeye. Visima vya zamani vina wenyewe. Aliyekuwa mle alichukua jina mtoto alipozama, akabaki nalo bila kazi miaka yote hii. Sasa tumemuandikia barua mimi na wewe, Haroub wa Mwanamkasi, anwani yake kamili, uje kwangu. Akaifungua. Kwa nini asifungue?"

"Na mume wangu?"

"Mumeo ni wa Mwanakheir, naye ndiye anayeibeba barua kichwani, na ana jina ambalo mwenziwe analionea wivu. Atamjaza maji kidogo kidogo mpaka aache pumzi. Kisha atakaa yeye."

Salhiya akaanguka magotini. Hapo tena hakukuwa na Yusra wala Chwaka. Alikuwa anamtaka mumewe hai.

"Sikiliza," Maalim akasema. "Mkono ulioandika ndio unaofuta, na mkono huo huo ndio unaokaza. Mwengine akiigiza mwandiko wako itakuwa kivuli tu, atakayekuja nacho hatokaa. Ni wewe. Fumua toka nambari ya mwisho urudi ya kwanza, usiruke kitundu. Na akisha pona, siku arubaini asivuke kizingiti."

Wakafanya Alhamisi, zamu ya Salhiya, baada ya sala ya alasiri. Haroub alilazwa kwenye kitanda cha ndani, midomo imekuwa ya buluu, hawezi kusema. Maalim akawasha ubani, akakaa kichwani pake anasoma. Salhiya akaivua kofia, akachukua mkasi mdogo na sindano, akaanza mstari wa saba.

Alipomaliza mstari wa saba, mlango ukagongwa. Tatu, kimya, moja.

"Usiitike," Maalim akanong'ona.

Mstari wa sita, wa tano. Pete iliendelea kugonga, bila haraka, tatu na moja, tatu na moja, na kwa kila mzunguko ikawa karibu zaidi, mlango wa nje, kisha ukuta wa sebule, kisha ubao wa mlango wa chumba, na sauti ya Haroub ikasema kwa upole wa siku zao za Malindi, "Salhiya, niko peke yangu, fungua ulivyo," na Salhiya anafumua, machozi yanaanguka kwenye uzi hauoni, anaupapasa kwa ncha ya kidole, mstari wa nne, wa tatu, na chini ya mlango maji yanaingia meusi yanazunguka miguu ya kitanda, yananuka kuvu, Maalim amepandisha sauti, Haroub kitandani anatapatapa mikono juu kama anayetafuta kamba, na nje sauti imebadilika imekuwa nyembamba, ya mtoto, inalia, "Mama, mbona umeniita halafu unanifuta?" mama, ndilo neno alilolitumia, neno ambalo Salhiya hajawahi kuitwa na mtu katika maisha yake, na sindano ikasimama.

"Bi Salhiya!"

Akafumua. Wa pili. Wa kwanza. Uzi wa mwisho ulipotoka, Haroub aliinuka akatapika maji, beseni zima, na jani la mgomba lililooza ndani yake. Kisha akavuta pumzi kavu, ya kwanza baada ya miezi miwili, akauliza kuna nini cha kula.

Nje kimya.

Siku zile arubaini, Salhiya hajapata kuwa na raha kama ile. Mume wake yuko ndani, usiku na mchana, hana pa kwenda. Haroub mwenyewe alimpigia Yusra siku ya kwanza. "Nimefungiwa arubaini, siji Chwaka. Ni dawa, usikasirike." Baada ya hapo Salhiya akaizima simu ya mumewe akaitia kabatini, akamwambia ni masharti. Maalim hakusema lolote kuhusu simu. Hilo Salhiya aliliongeza mwenyewe.

Akawa anampikia pweza wa nazi, anamsugua mgongo. Na alikuwa anahesabu. Thelathini zimebaki, ishirini zimebaki. Zikisha atarudi kwenye siku mbili mbili zake, na mimi kwenye kiti changu. Kila ikipungua siku moja chakula kilimkwama.

Siku ya thelathini na nane, alasiri, Haroub amelala chumbani, Yusra akabisha hodi.

Aliingia na baibui lake la vumbi la njia, amenawiri, uso unang'aa. Salhiya akaurudisha mlango wa chumba taratibu.

"Dada Salhiya, nimekuja kukuomba radhi," Yusra akasema hata kabla ya kukaa. "Naona haya. Siku zote hizi zako, mie ndiye ninayezila."

"Siku zipi?"

"Ah, usinifiche, najua unajua. Alivyonipigia kusema haji arubaini nlilia, wallahi. Jioni ile ile nikasikia pete mlangoni. Kaja peku! Nlicheka. Tangu hapo haipiti jioni. Hakai sana, na kaniambia nisimpigie akiwa huku, utaumia." Akashusha sauti. "Na mzima, dada. Kipindi kile cha maradhi hata mkono hakunigusa, miezi miwili. Sasa..." Akaweka kiganja tumboni. "Siku zangu zimepita. Nimepima jana. Na wewe ndiye wa kwanza kukwambia."

Salhiya akakaa.

Yusra akatia mkono mkobani. "Kuna na hili. Usinichape. Ile kofia uliyomshonea, nlikuonea wivu nayo. Kila akija kavaa mkono wako. Basi alipokuwa akilala kwangu mgonjwa nlikuwa nikiitazama. Mie mfumaji, dada, nahesabu kwa jicho, ukili wa mkeka na kofia ni hesabu moja tu. Nikaishona yangu, kitundu kwa kitundu." Akaitoa. "Na hii nimeanza nikitamani tu, nimemaliza jana." Akatoa ya pili, ndogo ya kukaa kwenye ngumi, ya kichwa cha mtoto.

Mistari saba. Saba, viwili, vitano, kimoja. Hata nafasi moja hakukosea.

"Ila mwenyewe anasema uzi umelegea," Yusra akaendelea. "Anasema hawezi kukaa nayo, inamtoka. Kaniambia nikuletee, mkono wako ndio wa kuikaza. Yuko chini ananisubiri, kaona haya kupanda."

Chumbani Haroub akakohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima.

"Nani huyo?" Yusra akauliza.

Mkasi mdogo ulikuwa juu ya meza, karibu na sindano. Salhiya alivitazama vyote viwili. Alimjua vizuri aliyetuma ujumbe ule. Akifumua hapa, mtoto wa watu ameokoka, atalia, ataambiwa, na keshokutwa Haroub atapiga kanzu pasi aende Chwaka siku mbili mbili, mpaka kufa. Asipofumua, kila mtu ana wake. Yusra ana mume, na hakuna tena zamu. Akamtazama tumbo. Miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja, na huyu jioni thelathini na nane tu.

"Kaka yangu," akasema. "Amekuja kutibiwa."

Akachukua sindano. Akaukaza uzi mstari baada ya mstari, akafunga fundo ndani palipostahili. Akairudisha. Yusra akampa na ile ndogo. Hapo Salhiya alisita, mtu asije akasema hakusita. Kisha akaikaza nayo.

"Umeshona vizuri," akasema. "Jicho unalo."

Yusra akambusu mkono akashuka ngazi anakimbia. Salhiya akaenda dirishani. Alimuona akitoka chini, na Haroub, kanzu nyeupe, kofia mafundo nje, akimfungulia njia. Hawakugeuka. Salhiya akashusha pumzi, akarudi kitini, akaanza kukusanya vipande vya uzi.

Mlango ukagongwa. Pete kwenye ubao. Mbili. Kimya kidogo. Mbili.

"Salhiya," Haroub akaita toka chumbani, sauti ya usingizi. "Nani huyo kaja na mgeni?"

Harufu ya kisima ilikwisha ingia, na chini ya mlango maji yakaanza kuchora nyayo, za mtu mzima, na pembeni yake nyengine, ndogo. Barua mbili, na zote mbili mkono uliozikaza ulikuwa wake. Mkono wa Salhiya, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, ulikuwa umeshaivuta kanga unajifunika kichwa.